Tupeane uzoefu: Vyuo vyetu vilitoa nini wakati wa Vita vya Kagera, 1978–1979?

Mwanzisha mada

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mama yangu alifariki mwaka jana, na tulipokuwa tukipanga vitu vyake tulikuta daftari la mistari lenye jalada la bluu lililofifia, ambamo aliandika hesabu za chakula za chuo cha ualimu alichosoma huko Kanda ya Ziwa. Alikuwa katibu wa kamati ya chakula ya wanachuo. Kurasa za mwanzo hazina jambo la ajabu: unga, maharage, dagaa, chumvi, nyama mara mbili kwa wiki. Kuanzia wiki ya pili ya Novemba 1978, kila ukurasa umegawanywa kwa mstari wa wima uliopigwa kwa rula, na juu ya upande wa kulia ameandika kwa herufi kubwa neno WAPIGANAJI. Chini ya neno hilo vinaanza kuingia vitu ambavyo wiki iliyotangulia vilikuwa upande wa kushoto. Nyama ya Jumatano imehama. Sukari ya chai ya asubuhi imehama. Wiki tatu baadaye yamehama hata mablanketi, ambayo sijui yalifuata nini katika daftari la chakula.

Kwa vijana wenzangu ambao hawakuwapo: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulishika eneo letu lililo kaskazini mwa mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba limekuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam na kutamka yale maneno ya sababu, nia na uwezo ambayo kila Mtanzania anayajua. Vita viliendelea hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano ya mwisho mipakani yalimalizika mwanzoni mwa Juni.

Habari za medani zimeandikwa na wanaozijua. Ninachoomba hapa ni jambo dogo zaidi. Kama ulikuwa mwanachuo, mkufunzi, mpishi, dereva au mtoto wa mfanyakazi wa chuo wakati ule, tueleze chuo chenu kilitoa nini. Hotuba na maandamano tuyaweke kando, kwa sababu hayo yalikuwa kila mahali. Nataka kujua kilichotoka ghalani, jikoni, gereji na mabwenini, na namna kilivyotoka.

Mwalimu mstaafu, Mwanza

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kingine cha ualimu, si kile cha mama yako, lakini nilipousoma huo mstari wa rula nilijikuta nimerudi kwenye bwalo la chakula la chuo chetu.

Ili uelewe tulikuwa na nini cha kutoa, lazima ukumbuke kwamba vyuo vya wakati ule vilijilisha kwa kiasi kikubwa. Tangu Elimu ya Kujitegemea itangazwe mwaka 1967, chuo kisichokuwa na shamba kilionekana kama nyumba isiyo na jiko. Sisi tulikuwa na mahindi, maharage, mihogo na ng'ombe wachache wa maziwa. Vita vilipoanza, ghala lilikuwa na mavuno ya masika, na mkuu wa chuo aliitisha kikao cha wakufunzi na viongozi wa wanachuo kilichodumu chini ya saa moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Iliamuliwa kwamba maharage yote yapelekwe wilayani ili yaunganishwe na michango ya vijiji. Mahindi tukayagawa nusu kwa nusu. Kuanzia siku hiyo tulikula ugali kwa mchicha na dagaa, na mpishi wetu, mama mmoja wa Kikerewe mwenye ulimi mkali, aliwaambia wanachuo walionuna kwamba anayetaka maharage ayafuate Kyaka, kwa wapiganaji.

Jambo la pili lilikuwa lori. Chuo kilikuwa na Bedford moja ya rangi ya bluu, ambayo ndiyo iliyoleta kuni, iliyopeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha na iliyobeba wagonjwa. Serikali ilikuwa ikikusanya magari ya mashirika na ya watu binafsi nchi nzima, malori kwa mabasi, kwa sababu jeshi halikuwa na magari ya kutosha kubeba askari, mgambo na shehena hadi mpakani. Walipokuja kuichukua yetu, dereva wetu, mzee ambaye wanachuo wote walimwita Baba, alikataa kutoa ufunguo. Hakuwa anapinga. Alisema gia ya pili ya gari lile hairudi mahali pake isiposhikwa kwa namna anayoijua yeye, na kwamba kijana yeyote watakayempa ataiua kabla ya kufika Biharamulo. Ofisa aliyekuja akamtazama, akamtazama tena, akamwambia apande. Alikwenda kwa mtunza stoo, akachukua spana na jeki, akatia sahihi, akaondoka na nguo alizovaa.

Sisi tuliobaki tulichimba mahandaki. Vijana wa leo wakisikia kwamba Mwanza ilikuwa na vita hudhani tunatia chumvi, lakini ndege zilikuja. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ililenga hifadhi ya mafuta ya mji huu, ikakosa shabaha, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Usiku tulizima taa, tukasahihisha kazi za wanachuo kwa kibatari kilichofunikwa kwa kopo. Handaki letu la nyuma ya bweni la wasichana lilijaa maji mvua zilipoanza, vyura wakahamia humo, na sijui kama tungethubutu kuingia hata kama tungepigwa.

Aliyesoma Mlimani, Dar es Salaam

Nachangia kwa upande wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, ambako hali ilikuwa na utata kidogo. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1978 wanafunzi tuliandamana kupinga nyongeza za maslahi ya mawaziri na wabunge, na mamia walifukuzwa chuo. Kwa hiyo vita vilipokuja Novemba, serikali na wanafunzi tulikuwa kama ndugu waliogombana ambao msiba umewalazimisha kukaa kwenye jamvi moja. Hakuna aliyetaka kuonekana kwamba anatumia vita kuomba msamaha, wala aliyetaka kuonekana kwamba kinyongo chake ni kikubwa kuliko nchi.

Mjue pia kwamba hatukuwa watoto. Kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, mtu alikuja chuo kikuu baada ya kupitia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa muda. Wengi wetu tulishika bunduki kabla ya kushika vitabu vya mwaka wa kwanza, na baadhi tulikuwa na wake na watoto. Wiki ile ya kwanza kundi la wanaume wa bweni letu lilikwenda kuomba kupelekwa mbele. Tuliambiwa turudi madarasani, kwamba tutaitwa tukihitajika. Sisemi uongo, wapo waliovunjika moyo na wapo waliopumua kwa siri, na mimi nilikuwa katika kundi la pili ingawa nilinung'unika pamoja na lile la kwanza.

Mchango wetu ulioonekana ulikuwa wa mikono. Tulikwenda kwa zamu kupakia na kupakua mizigo, magunia ya unga na maboksi ambayo hatukuambiwa yana nini. Nakumbuka zaidi jamaa yetu mmoja wa sheria, mtu wa miwani minene na mabishano yasiyokwisha, aliyekuwa amesema katika mjadala wa jioni kwamba vita hivi lazima vichambuliwe kitabaka kabla ya kuungwa mkono. Kesho yake alibeba magunia kuanzia saa moja asubuhi hadi jua linazama, akachubuka mabega yote mawili, na jioni akaendelea na uchambuzi wake palepale alipouachia.

Mtu wa Masaka, sasa Nairobi

Mimi nilikuwa mmoja wa Waganda tuliokimbilia Tanzania tukasoma huko, na nina deni la kusema neno hapa. Mlimani palikuwa na wahadhiri wetu, kama Dan Nabudere na Yash Tandon, ambao baadaye walikuwamo katika Mkutano wa Moshi wa tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, uliounda umoja wa kumrithi Amin na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Sisi wadogo hatukuwa na nafasi huko. Kazi tuliyopewa ilikuwa kukumbuka. Tuliulizwa barabara, madaraja, mahali penye kinamasi, kilima kinachotazama mji. Nilichora njia ya kutoka Masaka kwenda Lukaya nyuma ya karatasi ya mtihani wa majaribio, nikaweka hata duka la mjomba wangu kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kulichora kabla sijafikiri. Sijui kama karatasi ile ilimfikia mtu yeyote mwenye kuhitaji. Masaka ilichukuliwa mwishoni mwa Februari na ilivunjwa vibaya sana. Duka halikubaki. Huwa nafikiri juu ya hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Muuguzi mstaafu, Bukoba

Asalaam aleikum nyote. Poleni wafiwa, na wewe ndugu wa Masaka pole.

Nilikuwa mwaka wa pili katika shule ya uuguzi. Majeruhi walipoanza kuletwa, mgawanyo wa mwanafunzi na muuguzi ulikufa siku ileile. Tulitoa damu, kisha tukarudi wodini kuwapa wengine damu hiyohiyo, na matroni alituandalia chai ya tangawizi bila sukari akituambia tunywe huku tunatembea. Gozi za kufungia vidonda hazikutosha. Tulizifua zilizotumika, tukazichemsha, tukazianika kwenye kamba nyuma ya bweni, tukazikunja usiku. Hadi leo nikikunja khanga mikono yangu inaikunja kwa upana wa bandeji, na wajukuu wangu wananicheka.

Lakini kazi ambayo hakuna aliyetupangia ilikuwa ya barua. Majeruhi wengi walikuwa mgambo, wakulima waliotoka shambani wakapewa mafunzo na kwenda. Baadhi walijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo, wakajua kusoma lakini kuandika kukawa kwa shida, na wengine mikono ilikuwa imeumia. Jioni tulikaa pembeni ya vitanda na kalamu. Kulikuwa na baba mmoja wa makamo kutoka mikoa ya kati, aliyekatwa mguu chini ya goti. Alinisomea imla ya barua ya kwenda kwa mke wake neno kwa neno, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya darasa: je, wazazi hawajambo, je, mvua imenyesha vizuri, je, mtoto wa tatu ameota meno, na jirani aliyeazima jembe aulizwe. Niliandika yote. Nilipomuuliza kama niseme habari ya mguu, alinyamaza kidogo, akasema, "Andika kwamba shamba la bondeni mwaka huu likodishwe." Nikaandika hivyo. Mke wake alikuwa mkulima, naamini alielewa.

Niliandika barua za namna hiyo hadi Mei. Hakuna cheti kilichotolewa kwa kazi hiyo, nami sidai, ila nimefurahi kwamba kuna mtu ameuliza.

Fundi, zamani mwanafunzi wa chuo cha ufundi

Mwalimu wa Mwanza amegusa malori, nami niongeze kidogo. Magari yaliyokusanywa hayakuwa yote mazima. Yaliyokuwa yakipita karibu na chuo chetu yakielekea kaskazini yaliletwa kwenye karakana yetu kwanza, na kwa miezi kadhaa hatukufundishwa darasani hata siku moja, tulijifunza chini ya magari. Vipuri havikuwapo. Springi iliyovunjika tuliiunga kwa kuchomelea na kuifunga bamba, gaskiti tulizikata kwenye karatasi ngumu tukazipaka grisi, na betri moja iliwasha magari kumi kwa zamu. Wakufunzi walitufundisha kwa kupiga kelele kutoka upande wa pili wa injini. Nilipofanya mtihani wa mwisho wa vitendo mwaka uliofuata, swali lilikuwa kurekebisha breki za gari lililosimama kwenye kivuli, na niliona aibu jinsi lilivyokuwa jepesi.

Kwenye mabasi ya abiria tulikuta vitu vya watu chini ya viti: kandambili, chupa ya mafuta ya nazi, mara moja kuku aliyefungwa miguu na bado yu hai. Kuku tulimla, nakiri.

Mwanachuo wa zamani, Nyanda za Juu Kusini

Nimesoma michango yote kwa heshima, lakini neno "kujitolea" limetumika kwa wepesi hapa. Chuoni kwetu, ambacho sitakitaja, hatukuulizwa. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao kwamba sehemu ya posho yetu ya mwezi itakatwa kuchangia vita, na ilikatwa. Mwenzetu mmoja alipouliza katika mkutano kama kuna stakabadhi, aliambiwa kwamba swali lake si la kizalendo, akakaa. Mimi ningetoa. Nadhani karibu sote tungetoa, na huenda tungetoa zaidi. Kilichotuuma ni kwamba hatukupewa nafasi ya kutoa, tulichukuliwa.

Kampala ilipoanguka tulishangilia hadi usiku wa manane, na mwezi uliofuata posho ikakatwa kama kawaida. Mwalimu alikuwa ameomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18, na hilo tulilielewa, maana hazina ilikuwa tupu na kila mtu aliona maduka yalivyokuwa hayana sabuni wala sukari. Lakini mkanda wa taifa na makato yasiyokuwa na hesabu ni vitu viwili. Hadi leo sijui fedha ile ilifika wapi. Kama ilifika, nimeitoa kwa moyo wote na ningependa tu kuambiwa.

Mwanzisha mada

Mzee wangu wa Nyanda za Juu, nashukuru kwa kusema. Nimelirudia daftari baada ya kusoma maneno yako, kwa sababu nami nilikuwa nimechukulia kwamba kila kilichohamia upande wa kulia kilihama kwa ridhaa. Katika ukurasa wa wiki ya mwisho ya Novemba kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa wino mweusi wakati kwingine kote ni bluu. Unasema: "Wasichana wa bweni la pili hawakukubali sukari. Tumewaachia." Sukari yao imebaki upande wa kushoto hadi mwisho wa muhula. Hakuna maelezo mengine, na mama hakuwahi kututajia habari hiyo. Mama alilala bweni la pili, hilo najua kwa sababu limeandikwa kwenye jalada.

Mwalimu wa Mwanza, naomba utumalizie habari ya dereva. Je, alirudi?

Mwalimu mstaafu, Mwanza

Alirudi, mwanangu. Ilikuwa mwezi Julai 1979, tukiwa paredi asubuhi, tukasikia gari likihangaika kupanda kilima. Tuliliona limepakwa rangi ya kijani kibichi ya jeshi, hata vioo vya pembeni vimepakwa, na hatukulitambua mpaka lilipobadilisha gia, kwa maana sauti ile ya gia ya pili haikuwa na gari jingine duniani. Wanachuo walivunja paredi bila ruhusa, na mkuu wa chuo hakusema kitu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Baba alishuka amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Wanachuo walitaka kumbeba juu juu. Alisema wangoje. Alikwenda moja kwa moja stoo, akatoa spana mfukoni mwa koti, akaiweka kwenye meza ya mtunza stoo. Mtunza stoo, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi, alilifungua daftari la mwaka uliopita, akatafuta kwa kidole hadi akaipata sahihi ya Novemba, akaikata kwa kalamu nyekundu. Kisha akauliza jeki iko wapi.

"Imebaki Masaka," Baba akamwambia. "Andika hivyo."